Kengele Kumi na Sita za Fundi Ngazi

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, kila mtu aliondoka na kitu chake. Karani aliondoka na kiti chake cha kuzunguka, mlinzi na filimbi yake, wafumaji na vikombe vyao vya bati. Fundi Ngazi aliondoka na bisibisi mbili, koleo moja lenye mpini wa mpira, na miaka ishirini na miwili ya ujuzi ambao hakujua auweke wapi.

Jina la Fundi Ngazi walimpa wafumaji. Aliingia pale akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kazi yake ikiwa kufagia vumbi la pamba chini ya mashine. Asubuhi moja taa iliyo juu ya mashine ya nne ilizimika, na fundi wa umeme, mzee mwenye goti bovu, akasimama chini ya ngazi akiitazama kama mtu aliyeambiwa apande mlima na mzigo. Binti aliweka ufagio kando, akaichukua bisibisi mkononi mwa mzee, akapanda. Mzee akawa anamwelekeza kutoka chini: fungua hicho, shika hiki, kile usikiguse kama bado unataka kuolewa. Taa ilipowaka, wafumaji waligonga mbao za mashine zao kwa furaha, na kuanzia siku hiyo ufagio ule ulipata mwenyewe mwingine.

Taa zenyewe waliziita kengele. Zilikuwa za alumini nzito, mgongo mwembamba na mdomo mpana, zimening'inia juu darini. Ungezitazama ungedhani kuna siku zitalia zote kwa pamoja. Zile za chumba cha kufumia zilikuwa na kitu cha ziada: kioo kinene mdomoni, na mpira mweusi ukingoni kuzuia maji. Uzi mkavu hukatika, kwa hiyo chumba kile kilipuliziwa ukungu wa maji mchana kutwa, na taa ilibidi iishi humo bila kulowa tumbo. Fundi Ngazi alikuwa amezifungua na kuzifunga kengele zile mara nyingi kuliko alivyofungua kabati lake la vyombo.

Kisha watu wasiowahi kusikia mashine hata moja ikiunguruma walitia saini karatasi, na kiwanda kikasimama. Watu walisema kimekufa. Hakikufa. Kiliuawa kwa kalamu, na waliokijua kila mshipa wake wakaambiwa waende nyumbani wakapumzike, kana kwamba walikuwa wameomba kupumzika.

Miaka minne Fundi Ngazi alikaa kibarazani kwake akitengeneza pasi na feni za majirani. Mumewe, mfumaji mstaafu ambaye watu walimwita Macho Kumi kwa sababu aliweza kuuona uzi uliokatika akiwa hatua kumi kutoka kwenye mashine, alimsikia mara nyingi akinung'unika kwamba mikono yake inaota kutu. Alimjibu kwamba kutu ni ugonjwa wa chuma, na yeye aliyemwoa ni mtu. Utani huo ulimchekesha mke miaka miwili ya mwanzo. Baadaye ukaacha kumchekesha.

*

Wifi yake, dada wa Macho Kumi, alikuwa mtu wa miche. Alitunza kitalu cha chama cha wakulima: nyumba ndefu ya mabomba ya chuma iliyofunikwa nailoni nyeupe, nyuma ya kibanda cha pampu, ambako nyanya zilioteshwa kwenye trei kabla ya kupelekwa mashambani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi wa wembe, na mkono mwepesi kiasi kwamba aling'oa magugu kando ya mche wa siku tatu na mche usijue.

Lakini kuna miezi mitatu ambayo jua la bonde lile hutoka kuaga tu. Mawingu hushuka asubuhi, yakakaa kama mgeni asiyeona saa. Na hiyo ndiyo miezi ambayo wakulima wanahitaji miche. Misimu miwili mfululizo miche ya wifi ilirefuka ikitafuta mwanga, miembamba na myeupe. Ilipofikishwa shambani ikalala chini upepo wa kwanza ulipopita, na haikuamka.

Msimu wa tatu, mwenyekiti wa chama aliitisha mkutano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima aliyepoteza shamba zima la nyanya mara mbili na sasa alikuwa amechoka kuwa mvumilivu. Alisema maneno machache. Miche ya msimu huu, elfu ishirini, ilitakiwa iwe tayari baada ya wiki nane. Isiposimama, kitalu kitavunjwa, mabomba watagawana, na miche wataagiza kutoka mbali kama wanavyofanya wengine.

Wifi aliliporomosha lote hilo kwenye kibaraza cha Fundi Ngazi jioni hiyo. Alivua viatu akaketi chini kabisa, jambo ambalo halifanyi ila akiwa amechoka hadi mifupani. Kitalu kile alikianza yeye, na bomba la kwanza alilibeba begani mwenyewe.

Fundi Ngazi hakumpa pole. Aliuliza miche inataka mwanga kiasi gani.

"Kiasi ambacho hakipo, Wifi," mwenzake akajibu.

Kutoka upande wa pili wa barabara zilisikika nyundo. Siku tatu sasa watu walikuwa wakikivunja kiwanda ili wauze chuma chake. Fundi Ngazi alisikiliza kidogo, akaweka chini pasi aliyokuwa akiifungua, akaenda ndani kutafuta koleo lake lenye mpini wa mpira.

*

Msimamizi wa ubomoaji alikuwa kijana mwenye kofia ya njano na simu mbili. Alimwambia kwa heshima kwamba mama, hapa hatuuzi kitu kimojakimoja, hizo taa zinasagwa kesho kutwa, alumini yake inakwenda kwa uzito. Fundi Ngazi akamuuliza kwa nini basi vijana wake wamekaa kivulini wakati saa tatu imeshapita.

Ikabidi aseme. Walikuwa wamefika kwenye waya mkubwa wa umeme, ramani za kiwanda zilikuwa zimepotea, na hakuna aliyethubutu kuukata. Waliizima swichi kuu, na bado kipimo kilionyesha kuna umeme.

"Kwa sababu unaingia pia kwa nyuma," Fundi Ngazi akasema. "Pampu ya ukungu ilikuwa na laini yake. Iliwekwa kabla wewe hujazaliwa, na hata kwenye ramani haikuwepo. Nikikuonyesha, utanipa kengele."

"Ngapi?"

"Ishirini. Za chumba cha kufumia tu."

Kijana alicheka, akasema taa ni taa. Fundi Ngazi alimjibu kwa subira kwamba za chumba cha kusokotea zina mdomo wazi. Tone moja la maji likidondokea globu yake ikiwa moto, inapasuka usoni mwa mtu. Hizi zake zilizaliwa ndani ya ukungu. Kisha akatangulia kwenda nyuma ya jengo, akasogeza mabati mawili na kiota cha panya, na swichi ikaonekana pale pale alipoiacha. Saa moja baadaye kipimo kilionyesha sifuri. Kijana alivua kofia yake ya njano, akasema sasa ameelewa kwa nini kampuni zinafilisika.

Aliokoa kengele kumi na tisa. Moja ilikuwa imeshakanyagwa na gari. Nyumbani alizifungua zote uani, akazisafisha kwa brashi na maji ya sabuni, akazikausha, akazijaribu moja moja. Tatu globu zake zilikuwa na ufa. Ziliwaka vizuri tu, na Macho Kumi akashangaa kumwona mkewe akizitoa na kuzifunga ndani ya gunia. Alimweleza kwamba globu ya namna hii ikipasuka kioo cha nje inaendelea kuwaka kama kawaida, lakini mwanga unaotoka hapo unachoma macho ya mtu polepole bila yeye kuhisi. Zikabaki kumi na sita. Na kumi na sita ndizo ambazo waya wa kibanda cha pampu ungeweza kuzibeba. Alipiga hesabu hiyo mara tatu nyuma ya kalenda.

*

Alizitundika kama alivyofundishwa.

Kiwandani kulikuwa na kanuni, na kanuni hiyo ilikuwa imemwingia kwenye damu: taa iwe juu, mwanga uenee sawa ukuta hadi ukuta, kivuli kisionekane popote. Basi alizifunga kengele zote kwenye bomba la juu kabisa la kitalu, akaziachanisha kwa kamba ya kupimia, nane huku na nane kule. Kisha akamwita mumewe kwa jaribio lile ambalo kila taa mpya ya chumba cha kufumia ilipitia. Macho Kumi akashika uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, akatembea kitalu kizima, pembe kwa pembe. Mtu mwenye macho ya kawaida angepata kazi kuuona uzi ule mchana kweupe.

"Unauona?" mkewe akauliza kutoka juu ya ngazi.

"Naona mpaka fundo," Macho Kumi akasema, na akachelewa kuondoka hapo, kwa kuwa hakuwa amesimama chini ya mwanga ule kwa miaka minne.

Wifi akapanda mbegu. Siku ya sita zilichomoza, na wote watatu wakazitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Siku ya kumi zilikuwa ndefu. Siku ya kumi na tatu zilikuwa ndefu, nyembamba, zimelalia upande mmoja, rangi yao kama maji ya mchele.

Fundi Ngazi alipoingia asubuhi hiyo alimkuta wifi yake amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni, akitazama chini. Alisubiri maneno makali. Yalikuja taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Wifi, umemulika njia," mwanamke yule akasema. "Nakushukuru. Sasa naweza kuona miche yangu ikifa bila kujikwaa."

Fundi Ngazi alitoka nje akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wiki mbili zilikuwa zimekwenda na maji. Mbegu zilizobaki kwenye mfuko zilitosha kupandwa mara moja tu. Kwa muda aliushika uso wake kwa mikono miwili, akasikia harufu ya mpira na alumini viganjani, harufu ya maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba huenda walioandika ile karatasi walikuwa na haki. Huenda alichokijua kilikuwa na maana ndani ya jengo lile tu.

Halafu akakasirika, na hasira ikamsimamisha.

Alirudi ndani, akapiga magoti kando ya meza ya trei, akashusha kichwa mpaka jicho lake likawa sawa na majani. Akatazama juu kutoka pale. Kengele zilikuwa mbali kabisa, kama mbalamwezi kumi na sita. Akatazama pembeni: njia imemulikwa, ukuta wa nailoni umemulikwa, ndoo, jembe, viatu vya wifi, vyote vinang'aa. Hapa chini, kwenye majani, kilichofika kilikuwa makombo.

Akaelewa. Kiwandani mwanga ulikuwa wa watu. Watu hutembea, hugeuka, na jicho la mtu ni mjanja, hujizoeza na kidogo likadhani ni kingi. Mche hautembei wala haujizoezi. Unataka chakula chake kifike mezani.

Alipomwambia mumewe kwamba macho yake ni waongo, Macho Kumi alimjibu kwamba waongo hao wamemlisha miaka thelathini. Lakini aliuviringisha uzi mweusi, akautia mfukoni, na hakuutoa tena.

*

Miche iliyoharibika hawakuitupa. Fundi Ngazi aliomba apewe, akaifanya shule. Alizishusha kengele tatu tu, kila moja kwa urefu wake, akaweka trei chini yake. Trei iliyokuwa shibiri mbili kutoka kwenye kioo ilikauka ncha za majani kabla siku haijaisha. Ya shibiri tano iliendelea kulala. Wifi alipita, akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya majani, akatulia kidogo kila mahali, kama mtu anayepima joto la paji la mtoto. Kwenye shibiri tatu alisema hapo. Mgongo wa kiganja, akaeleza, una ngozi laini. Kinachoukera huo kinaukera mche pia.

Fundi Ngazi akatikisa kichwa kwa mshangao. Miaka ishirini na miwili alikuwa amepima kwa vyombo, na wifi yake alikuwa na kipimo mwishoni mwa mkono muda wote huo.

Ikabaki shida moja, nayo ilikuwa nzito kwa maana halisi. Mche hukua. Taa ya shibiri tatu leo itakuwa inaunguza wiki ijayo, kwa hiyo kengele zilitakiwa zipande na kushuka. Mabomba ya pembeni ya kitalu, yale yaliyo juu ya meza, hayangeweza kuzibeba, kwa sababu mgongoni mwa kila kengele kulikuwa na choki, kile kipande cha chuma na shaba kinachotuliza umeme kabla haujafika kwenye globu, kizito kama tofali mbili. Dawa yake ilikuwa kuzing'oa choki zote, kuziweka nje ukutani, na kuziunganisha na taa kwa waya mrefu.

Dawa aliijua. Mkono ndio uliokataa. Kila kengele ilikuwa na lakiri ya madini ya risasi iliyopigwa muhuri wa mhandisi mkuu, na mtu aliyeivunja alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Alikuwa amewahi kuona mwanamume mwenye watoto watano akisindikizwa getini kwa ajili ya lakiri moja. Sasa aliketi uani na kengele mapajani, koleo likiwa limeshika kile kipande cha risasi, na hakubana.

"Unamngoja nani?" Macho Kumi akauliza.

"Mhandisi."

"Mhandisi amekwenda zake, mke wangu. Aliyebaki ni wewe."

Akabana. Risasi ikakatika kama ukucha. Aligeuza shingo kidogo, bila kutaka, kuangalia kama kuna atakayemfokea. Kulikuwa na kuku wa jirani tu. Basi akazikata zile kumi na tano zilizobaki bila kupumzika, akazing'oa choki, akaziba matundu yake kwa mipira aliyoitoa kwenye zile kengele tatu mbovu, ili unyevu usipate pa kuingilia.

Choki alizipanga ndani ya makabati ya chuma ya wafumaji, yale yenye matundu ya hewa milangoni, ambayo vijana wa ubomoaji walikuwa wameyatupa nje ya geti. Moja lilikuwa la Macho Kumi mwenyewe. Namba yake ilikuwa bado mlangoni. Kutoka kwenye lundo hilo hilo alichukua rola mbili za mashine za kufumia, zile ambazo uzi hukunjiwa, pamoja na magurudumu yake ya meno na kile kijino cha chuma kinacholizuia gurudumu lisirudi nyuma. Kengele nane juu ya kila meza alizifunga kwenye bomba moja jepesi, bomba akalishika kwa kamba za chuma, kamba akazikunja kwenye rola. Ukizungusha mpini, safu nzima hupanda. Kila jino ni upana wa kidole.

Wakiwa katikati ya kazi hiyo, aliingia mwanachama mmoja wa chama akiwa na futi ya kupimia na daftari. Alisema bila kuwatazama machoni kwamba mwenyekiti amemtuma apime mabomba, ili mgawo ukifika watu wasigombane. Wifi alifungua kinywa. Fundi Ngazi akamtangulia.

"Karibu, ndugu yangu. Kabla hujaanza, nishikie ngazi hapo."

Mtu yule akashika ngazi. Kisha akashika kamba. Kisha akaulizwa kama futi yake inaweza kupima kutoka kwenye kioo hadi kwenye trei, kila kengele, ili zote ziwe sawa. Aliondoka adhuhuri daftari lake likiwa na namba kumi na sita, na hakuna hata moja iliyohusu mabomba.

Siku iliyofuata wifi alipanda mbegu za mwisho.

*

Wiki tano na nusu wanawake wale waliishi kwa kijino cha chuma. Kila asubuhi wifi aliweka mgongo wa kiganja, akasema jino moja au akasema bado, na Fundi Ngazi akazungusha mpini. Mawingu hayakuondoka. Majirani walipita wakaulizana nani anafunga harusi mchana. Choki zililia ndani ya makabati kwa sauti nene isiyokatika, na Macho Kumi, aliyekuja eti kuleta chakula, alikaa karibu nazo hadi jioni. Alisema ni kama kiwanda kinakoroma. Wifi hakusifu kitu. Lakini siku ya ishirini aliacha kusema miche yangu, akasema miche yetu, na mwenzake akajifanya hakusikia.

Siku ya mwenyekiti ilifika kijivu kuliko zote. Alikuja na wanachama kumi na wawili, na yule mwenye futi nyuma yao. Walipokuwa mlangoni, mmoja wao, mtu wa kupenda kusaidia, aliona tangi la maji limepungua akaenda kuwasha pampu. Fundi Ngazi alisikia swichi ikilia, akafumba macho. Pampu na kengele kumi na sita havikuwahi kuwashwa pamoja, kwa sababu waya haukuvitosha vyote. Taa za kitalu chote zikazimika.

"Hizo ndizo taa?" mtu akauliza, na wengine wakaguna.

Wifi alimtazama Fundi Ngazi kwa macho yaliyosema mengi. Fundi Ngazi alikwenda kuzima pampu, akarudisha swichi, na hakuna kilichowaka. Akarudi akasimama kando ya meza, mikono nyuma.

"Washa basi," mwenyekiti akasema.

"Nimeshawasha. Taa hizi zikizimwa zikiwa moto lazima zipoe kwanza, robo saa. Ukizilazimisha unaziua." Akavuta pumzi. "Lakini hukuja kuangalia taa, Mwenyekiti. Umekuja kuangalia miche. Iangalie hivyo hivyo. Huko shambani haitakuwa na taa."

Mwenyekiti alikunja mkono wa shati. Akainama juu ya meza, akaweka kiganja kizima juu ya trei ya kwanza, akakiburuta polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, akiikandamiza miche chini. Ndivyo wakulima wa bonde lile walivyoijaribu miche tangu kitalu kilipojengwa. Misimu miwili iliyopita, trei ile ile ilikuwa imelala baada ya kiganja chake kupita na haikuinuka.

Aliinua mkono. Miche ilikuwa imeinama yote. Kisha mmoja ukarudi, na wa pili, na trei nzima ikasimama kwa mpigo, ikitikisika, mifupi, minene, kijani cheusi, na harufu kali ya majani ya nyanya ikajaa kitalu.

Mwenyekiti alikwenda trei ya pili. Akaenda ya tano, ya ishirini, akarukia meza ya upande wa pili kana kwamba anataka kuikamata miche ikidanganya. Alipofika trei ya mwisho, ile ya pembeni kabisa ambako udhaifu hujificha, aliburuta kiganja mara mbili. Ikasimama mara mbili. Hapo kengele zikaanza kuamka, moja moja, kwanza zambarau hafifu, kisha nyeupe, na watu wakarudi nyuma wakijikinga macho. Yeye hakuinua hata kichwa. Alikuwa bado ameinama, anatazama shina la mche mmoja, unene wake kama penseli.

Mwishowe alinyooka, mkono ukiwa kiunoni.

"Shamba langu linahitaji elfu mbili," akasema. "Nichukue lini?"

"Ukipanga foleni kama wenzako," wifi akajibu, na watu wakacheka, na mwenyekiti naye, baada ya kujizuia kidogo, akacheka.

Akamgeukia yule mwenye futi, akamwuliza ile hesabu ya mabomba iko wapi. Mtu yule alifungua daftari, akakuna kichwa, akasoma kwa sauti urefu wa kengele kumi na sita. Mwenyekiti alisikiliza hadi namba ya mwisho. Kisha akamwambia aweke futi mfukoni, mabomba yabaki yalipo, na kesho aje apime tena, safari hii nje, ajue kama nyuma ya kibanda kuna nafasi ya meza ya tatu.

"Meza ya tatu waya huu haubebi," Fundi Ngazi akasema.

"Basi utatuambia ni waya gani unaobeba," mwenyekiti akasema, na akaanza kutoka na watu wake.

Fundi Ngazi hakuwasindikiza. Wifi alikuwa ameshaweka mgongo wa kiganja juu ya majani, amefumba jicho moja, anasikiliza ngozi yake.

"Jino moja," akasema.

Fundi Ngazi akashika mpini akazungusha. Kijino kikalia, tak, na kengele nane zikapanda kidole kimoja.